Pori la akiba ndani ya seva

Mkiwa ni njia panda. Basi linalotoka Manyoni kwenda Singida hupita hapo juu ya lami bila kusita. Lori linalokwenda Itigi hukata kona, na kuanzia hapo safari inakuwa ya aina nyingine: Itigi, Rungwa, Makongolosi, zaidi ya kilometa 400 ambazo kwa miaka mingi sehemu kubwa imekuwa vumbi kiangazi na tope masika, kabla ya kuiona Chunya na kisha Mbeya. Dereva anayeijua njia hiyo hafungashi kama anayekwenda Singida mjini. Spea moja haimtoshi. Na kabla ya kukata kona atazipiga teke zote, maana spea isiyo na upepo ni mzigo tu.

Mbele huko njia inapita kwenye Pori la Akiba Rungwa. Neno "akiba" hapo lina nguvu ya sheria. Ardhi ipo na nyasi zipo, lakini mfugaji haruhusiwi kuingiza ng'ombe hata mwaka wa ukame, malisho ya kwingine yakiwa yamebaki mavumbi.

Ndani ya seva ya Linux kuna pori la aina hiyo. Ni kipande cha RAM kinachowekwa kando pale mashine inapowaka, na programu nyingine hazikigusi hata zikiwa zinakufa kwa kukosa nafasi. Kinasubiri siku moja tu: siku mfumo endeshi wenyewe utakapoanguka, ili kiwepo kitu kilicho hai cha kuandika kilichotokea. Mwongozo huu unahusu swali dogo linalowasumbua mafundi wengi: kipande hicho kiwe na ukubwa gani, na je, ukubwa uliowekwa na watengenezaji wa mfumo unatosha?

Kwanza tukubaliane maneno. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia "dampo" huwaza Pugu Kinyamwezi na malori ya taka. Kwenye kompyuta dampo ni kinyume chake. Ni nakala ya kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine dakika ilipokufa, inayohifadhiwa kwa uangalifu ili mtaalamu aipekue baadaye. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, uliwapa waandishi wa barua na wapiga mahesabu maneno ya Kiswahili kwenye kioo. Matumbo ya mfumo endeshi haukuyalenga, kwa hiyo huku chini mafundi wanajitafutia maneno wenyewe. Kwa bahati, neno moja limekwishakuwepo mtaani. Vijana wanaambiana "usipaniki", na kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia diski, RAM na vifaa vyote, nayo hupaniki. Ikikuta hali ambayo kuendelea kunaweza kuharibu data, inasimama makusudi.

Kwa nini itengwe mapema

Kerneli iliyopaniki haiaminiki tena. Huenda kilichoiangusha ni programu ileile inayoendesha diski, sasa utaiachiaje iandike ripoti kwenye diski hiyohiyo? Majaribio ya zamani kama netdump na diskdump ya Red Hat yaliitegemea kerneli iliyojeruhiwa ijitolee ushahidi yenyewe, na mara nyingine ilizimia katikati ya sentensi. Toleo la Linux 2.6.13, lililotoka Agosti 2005, lilileta njia nyingine, kexec na kdump. Kerneli ya pili, ndogo, inapakiwa ndani ya kipande kilichotengwa na kulala hapo. Ya kwanza ikipaniki, ya pili inaamshwa moja kwa moja bila kupitia BIOS, kwa hiyo RAM haifutwi. Inaiona kumbukumbu yote ya marehemu kama faili moja liitwalo `/proc/vmcore`, inalinakili mahali salama, kisha inaiwasha mashine upya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nafasi hiyo isitafutwe palepale ajali inapotokea. Sababu kubwa ni vifaa. Kadi ya mtandao na diski huandika kwenye RAM zenyewe bila kuisumbua CPU, na haziachi kwa kuwa kerneli imekufa. Pakiti iliyokuwa njiani itatua palepale ilipoelekezwa. Kerneli ya pili ikiamkia eneo hilo, itaandikwa juu yake na kufa kabla haijafungua mdomo. Lazima iishi mahali ambapo hakuna kifaa kilichowahi kuelekezwa tangu mashine ilipowaka.

Kwa hiyo bei inalipwa kila siku, kwa ajili ya tukio ambalo pengine halitatokea mwaka mzima. Ndiyo maana ukubwa wake una mjadala.

Kodi ya kichwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha afya kandokando ya njia panda ya Mkiwa kina seva moja ndogo ya Linux: RAM ya GB 8, diski moja, betri ya kuokoa dakika chache umeme ukikatika. Inabeba usajili wa wagonjwa na hifadhidata ya PostgreSQL, hifadhidata ileile inayobeba DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao wizara za afya za Tanzania na Kenya zinautumia kukusanya takwimu. Fundi hakai hapo. Anakuja kwa basi kutoka Singida au Dodoma, na akifika, mara nyingi mhudumu ameshabonyeza kitufe, mashine imewaka, na maelezo anayopewa ni "iliganda tu".

Hapo ndipo dampo lina thamani kuliko kwenye jengo la seva lenye mafundi usiku na mchana. Mahali ambapo hakuna shahidi, mashine yenyewe ndiyo ya kutoa ushahidi.

Sasa fundi anaangalia ukubwa wa kawaida. Kwenye Red Hat Enterprise Linux 9 na ndugu zake Rocky na AlmaLinux, kwa mashine za kawaida za Intel na AMD, maagizo yaliyomo ni haya:

`crashkernel=1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M`

Yasome hivi. Mashine yenye RAM kuanzia GB 1 lakini haijafika GB 4 itenge megabaiti 192. Kuanzia GB 4 hadi kabla ya 64 itenge 256. Kuanzia 64 kwenda juu itenge 512. Iliyo chini ya GB 1 haitengi chochote, na hapo kdump haipo kabisa. Namba ya kushoto ya kila fungu inahesabiwa ndani, ya kulia haihesabiwi. Mashine ya GB 4 kamili iko kwenye fungu la pili.

Ukipiga hesabu ya asilimia, mpangilio huu unafanana na kodi ya kichwa ya enzi za mkoloni: maskini ndiye anayeumia. Seva ya GB 64 inatoa chini ya asilimia 1. Ile ya Mkiwa yenye GB 8 inatoa kama asilimia 3, jambo linalovumilika. Mashine ya kufikirika yenye GB 2 inatoa zaidi ya asilimia 9, karibu zaka kamili, na yenye GB 1 inakaribia moja ya tano. Hakuna uonevu hapo, kwa sababu kerneli ya pili inahitaji kiasi fulani ili iamke, iwe kwenye mashine kubwa au ndogo. Ni lazima ibebe picha yake, programu za kuendesha diski, mfumo mdogo wa faili wa kuanzia na programu ya kunakili. Lakini mwenye mashine za GB 1 au 2 ana haki ya kuikataa kodi hiyo. Kama mashine hizo ni pepe, yaani zinakaa ndani ya seva kubwa inayotumia KVM, anaweza kuzima utengaji ndani yake na kuchukua dampo kutoka nje kwa `virsh dump --memory-only`. Mwenye nyumba anampiga picha mpangaji bila mpangaji kutenga chumba.

Ubuntu wana namba zao, na zimebadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo asiyekumbuka afungue faili `/etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg` na kusoma kilichoandikwa kwenye mashine yake badala ya kuamini makala, hata haya. Kuanzia toleo la 24.10, Ubuntu huiwasha kdump yenyewe ikikuta mashine inatimiza masharti kadhaa, miongoni mwake nyuzi 4 za CPU na RAM ya angalau GB 6. Kwenye matoleo ya nyuma mtu anaiweka kwa mkono.

Kuna mtego mmoja unaostahili aya yake. Matoleo ya Red Hat 7 na 8 yalikuwa na neno `crashkernel=auto`, lililomaanisha "amua mwenyewe". Lilikuwa nyongeza ya Red Hat. Kerneli ya asili inayotoka kwa Linus Torvalds haikuwahi kulikubali, na toleo la 9 limeliondoa. Bado limejaa kwenye maelekezo ya zamani, na fundi anayelinakili kwenye mashine mpya atapata sifuri. Mashine itawaka vizuri, wagonjwa watasajiliwa, na hakuna atakayejua kwamba pori halipo mpaka siku ya ajali.

Mkono kwenye mashine

Anza kwa kuangalia kilichopo. Amri hii inatoa idadi ya baiti zilizotengwa:

`cat /sys/kernel/kexec_crash_size`

Jibu la 268435456 ni megabaiti 256 kamili. Jibu la 0 maana yake hakuna. Kisha uliza kama kerneli ya pili imeshapakiwa ndani ya nafasi hiyo:

`cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded`

Inatakiwa 1. Haya ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Nafasi inaweza kuwepo ikiwa tupu, kama karakana iliyojengwa ambayo fundi hajaletwa. Ukipata baiti nyingi kwenye amri ya kwanza na 0 kwenye ya pili, unalipa kodi bila kupata huduma, na tatizo liko kwenye huduma ya kdump yenyewe. Amri ya `systemctl status kdump` kwenye familia ya Red Hat, au `kdump-config show` kwenye Ubuntu na Debian, itakueleza inalalamikia nini.

Usishangae amri ya `free -h` ikionyesha RAM pungufu kuliko uliyonunua. Kipande kilichotengwa hakihesabiwi humo. Fundi asiyejua hili anaweza kuifungua mashine na kuanza kusugua meno ya RAM kwa kifutio, akidhani kijiti kimoja hakikai vizuri.

Kuweka ukubwa wa kawaida upya kwenye Red Hat 9 ni rahisi: `kdumpctl get-default-crashkernel` inauonyesha, na `kdumpctl reset-crashkernel --kernel=ALL` inaurudisha kwenye kerneli zote zilizopo. Anayetaka namba yake mwenyewe anatumia grubby:

`grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=384M"`

Kwenye Ubuntu, sakinisha `linux-crashdump`, hariri lile faili la `kdump-tools.cfg`, kisha endesha `update-grub`. Pande zote mbili lazima mashine izimwe na kuwashwa, kwa kuwa pori linapimwa asubuhi kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Kupunguza kunawezekana mashine ikiwa inaendelea, kwa kusimamisha huduma ya kdump na kuandika namba ndogo zaidi kwenye `kexec_crash_size`. Kuongeza hakuwezekani.

Je, namba ya kawaida inatosha? Kwa seva kama ile ya mfano wa Mkiwa, yenye diski moja ya ndani na bila ufundi mwingi, megabaiti 256 mara nyingi zinatosha. Lakini namba hiyo ilichaguliwa na mtu ambaye hajaiona mashine yako. Aliwawekea wote spea za njia ya lami. Yapo mambo yanayoigeuza mashine kuwa lori la Rungwa.

La kwanza, na ndilo linalowanasa wengi, ni diski iliyofungwa kwa msimbo wa siri wa LUKS. Toleo lake la pili hutumia hesabu iitwayo Argon2, iliyobuniwa makusudi itumie kumbukumbu nyingi ili mwizi asiweze kubahatisha nywila haraka, na inaweza kudai hadi karibu GB 1 kufungua mlango mmoja. Kerneli ya pili yenye megabaiti 256 ikijaribu kuifungua diski hiyo, inakufa mlangoni. Hii inauma kwa sababu taasisi zinazotunza taarifa za wagonjwa ndizo zinazoshauriwa kufunga diski. Njia ya kutokea ni mbili: kutenga nafasi kubwa zaidi, au kuandika dampo kwenye sehemu ya diski isiyofungwa, na ya pili ina madhara yake tutakayoyagusa. Mambo mengine ni kutuma dampo kwa mtandao badala ya diski ya ndani, kadi za mtandao za kasi kubwa ambazo programu zake hutwaa RAM nyingi mara tu zinapoamka, na seva zenye diski nyingi zilizounganishwa kwa njia nyingi.

Red Hat 9 ina chombo cha kupima, na inafaa kukitumia kabla ya kubishana: `kdumpctl estimate`. Kinaonyesha kilichotengwa, kinachopendekezwa, ukubwa wa kerneli na vipande vyake, na kama kuna diski ya LUKS, kinataja inahitaji kiasi gani. Kilichotengwa kikiwa chini ya kinachopendekezwa, ongeza, zima na washa.

Kwenye seva kubwa kuna maagizo ya `,high` na `,low` yanayoruhusu sehemu kubwa ya nafasi kukaa juu ya GB 4 za anwani, na kuacha kipande kidogo chini kwa vifaa vya zamani visivyofika juu. Mashine ya GB 8 haina haja nayo.

Piga teke spea

Hakuna njia ya kujua kama dampo litapatikana isipokuwa kuiangusha mashine. Watu wengi hawafanyi, kwa sababu inatisha, na hivyo hugundua kwamba nafasi ilikuwa ndogo siku ileile walipoihitaji. Utengaji usiotosha ni mbaya kuliko kutokutenga: umelipa RAM mwaka mzima, kisha kerneli ya pili inaamka, inakosa pumzi, inaiua programu ya kunakili, na mashine inawaka upya ikiwa na folda tupu.

Chagua muda ambao hakuna mgonjwa dirishani. Hakikisha nakala ya hifadhidata ipo kwenye diski nyingine na imejaribiwa kufunguka. Simamisha PostgreSQL. Endesha `sync`. Kama inawezekana uwe mbele ya kioo cha seva, si kwa SSH kutoka mbali, ili uone kerneli ya pili inavyoamka na inachosema. Kisha, kama mtumiaji mkuu:

`echo c > /proc/sysrq-trigger`

Mashine itapaniki papo hapo; amri haiulizi "una uhakika?". Maandishi yatapita, kerneli ya pili itaamka, asilimia za kunakili zitapanda, na mashine itajiwasha upya. Ikirudi, angalia ndani ya `/var/crash`. Unatafuta folda yenye tarehe, na ndani yake dampo pamoja na faili dogo la maandishi, `vmcore-dmesg.txt` kwa Red Hat au lenye jina linaloanza na `dmesg` kwa Ubuntu. Vikiwepo vyote, andika tarehe na namba ya toleo la kerneli kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa seva. Visipokuwepo, na kioo kilionyesha maneno "Out of memory", ongeza megabaiti 128 na urudie.

Acha `failure_action` kwenye `/etc/kdump.conf` ibaki `reboot`. Wapo wanaopenda ifungue dirisha la amri ili wachunguze, na kwa fundi aliyekaa pembeni ni sawa. Kwa kituo ambacho fundi yuko safari ya basi, dirisha hilo ni mashine iliyokufa mpaka kesho. Kwa sababu hiyohiyo weka `kernel.panic=10` kwenye mipangilio ya sysctl, ili kerneli ikipaniki wakati kdump haijapakiwa, basi angalau ijiwashe baada ya sekunde 10.

Kinachoingia ndani ya dampo, na kinachobaki nje

Seva ya GB 8 haitoi faili la GB 8. Programu ya makedumpfile inachuja. Kwenye mipangilio yake utaona `-d 31`, namba inayoonekana kama imeokotwa, kumbe ni jumla: 1 kwa kurasa za RAM zenye sifuri tupu, 2 na 4 kwa nakala za mafaili yaliyosomwa kutoka diski, 8 kwa kumbukumbu za programu za watumiaji, 16 kwa kurasa zisizotumika. Jumlisha upate 31, yaani tupa vyote hivyo, bakiza vya kerneli. Kinachobaki hubanwa, na mara nyingi kinakuwa sehemu ndogo tu ya RAM yote. Hata hivyo usiiache `/var/crash` kwenye diski iliyojaa hadi ukingoni.

Uchujaji huo unapunguza siri, hauziondoi. Ndani ya kumbukumbu za kerneli hubaki pakiti za mtandao zilizokuwa njiani, majina ya mafaili, pengine funguo za diski iliyofungwa. Kwa seva ya kituo cha afya hili si jambo la ufundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ina masharti juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Fundi anayelipakia dampo zima kwenye hifadhi ya mtandaoni ili rafiki yake wa ng'ambo amsaidie anaweza kuwa amewasafirisha wagonjwa bila wao kujua. Kuliandika kwenye sehemu ya diski isiyofungwa, ile njia ya pili ya kukwepa LUKS, ni kuiacha siri hiyo nje ya kufuli. Ukichagua hivyo, lihamishe mapema na ulifute.

Mara nyingi dampo zima halihitajiki kutumwa. Lile faili dogo la dmesg lina mistari ya mwisho ya kerneli: iliangukia wapi, programu gani ya kifaa ilihusika, ilifikaje hapo. Linapita hata kwenye WhatsApp ya mtandao dhaifu, na mtaalamu akilisoma anaweza kukuambia kama tatizo ni kadi ya mtandao, RAM mbovu au toleo la kerneli lenye kasoro inayojulikana. Lipitie kwanza uone hakuna cha siri.

Anayetaka kulifungua dampo lenyewe anatumia programu iitwayo `crash`, na hiyo inahitaji kifurushi cha alama za kerneli kinacholingana herufi kwa herufi na toleo lililoanguka. Vifurushi hivyo ni mamia ya megabaiti, vingine hupita GB 1. Kishushe siku unapoiweka seva, kiwe kwenye diski ya nje. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kunyonyea mrija, aliyekuwa hajashusha alisubiri.

Kisha kuna yale ambayo kdump haiyaoni kabisa. Umeme ukikatika hakuna dampo, kwa kuwa RAM inasahau kila kitu na kerneli ya pili inakufa pamoja na ya kwanza. Alfajiri ya 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipopata hitilafu na nchi ikaingia gizani, seva zisizo na betri zilizimika bila kuacha hata neno, na hakuna utengaji wa RAM ambao ungelibadili hilo. Kwa hiyo folda tupu ya `/var/crash` baada ya seva kujizima nayo ni ushahidi. Kama ulishafanya jaribio na likafaulu, folda tupu inakuelekeza kwenye waya, betri au adapta kabla ya kuilaumu programu. Kuganda pia ni mtihani mwingine. Mashine iliyoganda haijapaniki. Inabidi iambiwe ipaniki ikiganda, kwa mipangilio kama `kernel.softlockup_panic=1`. Na programu moja ikila RAM mpaka mfumo ukaiua, hiyo si paniki, kerneli imefanya kazi yake na inaendelea.

Wenye Windows ofisini hawana pori la RAM la kulinda. Kuanzia Windows 8 na Server 2012 mpangilio wa kawaida ni dampo la moja kwa moja, linaloandikwa kwanza kwenye faili la kurasa lililoko diski C na baadaye kuhamishiwa `C:\Windows\MEMORY.DMP`. Mfumo ukianguka na faili la kurasa likaonekana dogo, Windows hulikuza mpaka lilingane na RAM, na kulishikilia hivyo kwa wiki 4. Akiba yake ni nafasi ya diski, kwa hiyo anayelizima faili la kurasa ili kuokoa GB chache ameuza spea yake. Jihadhari pia kwamba kwa kawaida dampo jipya linalifuta la zamani. Linakili kabla ya kuanguka tena.

Kurudi kwa seva ya Linux, kazi haiishi siku ya jaribio la kwanza. Kila sasisho la kerneli linaleta kerneli mpya na vipande vipya, na ile ya pili inajengwa upya kutoka humo. Kilichotosha mwaka jana kinaweza kupungua. Ukiongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16, uko kwenye fungu lilelile la megabaiti 256, lakini ukibadilisha kadi ya mtandao au ukifunga diski kwa LUKS, hesabu imebadilika hata kama RAM ni ileile. Fundi akishuka kwenye basi Mkiwa kwa matengenezo ya kawaida, aendeshe zile amri mbili za `cat` kabla ya kitu kingine chochote, alinganishe toleo la kerneli na lile lililoandikwa kwenye karatasi ubavuni mwa seva, na kama hayafanani, aombe nusu saa ya dirisha kufungwa, aiangushe mashine mbele ya macho yake, kisha aandike tarehe mpya chini ya ile ya zamani.